Napita Tu

Mzee alitoka nje na funguo mkononi.

Nilikuwa nimeinama kwenye bomba la mawe katikati ya kijiji, chupa ya kwanza imejaa, ya pili iko nusu, helmeti bado kichwani, miguu imepakwa vumbi jeupe hadi magotini. Mzee alivaa sweta ya kahawia na vile viatu vya kitambaa vya ndani, ambavyo mtu hatoki navyo barabarani isipokuwa ana haraka. Akasimama kwenye mlango wa kijani. Akanitazama, akaitazama baiskeli na mifuko yake, akanitazama tena.

"¿Eres la chica?"

Wewe ndiye yule binti?

Maneno niliyaelewa, swali sikulielewa. La chica ni msichana, msichana yeyote yule, lakini kinywani mwake alikuwa msichana mmoja, anayejulikana, anayesubiriwa. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi. Niliona ukumbi wenye giza, kiti cha mbao, juu ya kiti taulo lililokunjwa mara nne, na juu ya taulo kipande cha sabuni ambacho hakijatolewa kwenye karatasi yake.

"Hapana, señor. Estoy de paso." Napita tu.

"Ah." Akazigeuzageuza funguo. "Como todos."

Kama wote.

Kisha akaniambia nisitishwe na kile kibao kinachosema maji ya bomba hili hayajatibiwa, maana yeye ameyanywa miaka themanini na bado yupo. Akarudi ndani. Mlango hakuufunga.

Kijiji sitakitaja. Kiko katika milima ya Albarracín, mkoa wa Teruel, Hispania, na watu wake ni wachache kiasi kwamba nikikitaja kijiji nitakuwa nimemtaja yeye.

Hii ni wiki ya saba tangu siku hiyo. Mwanzoni nilidhani najua kinachoniuma.

## Mto niliojifunzia

Mimi baiskeli nimeijua ukubwani. Nimekulia Marangu, ambako barabara ama inapanda ama inashuka, na baiskeli ilikuwa ya vijana wa kiume wanaopeleka ndizi sokoni. Wanashuka wamekaa, wanarudi wanasukuma. Msichana juu ya baiskeli angeulizwa anakwenda wapi, na kabla hajajibu mama yake angekuwa ameshaambiwa.

Nilijifunza nikiwa na miaka 31, hapa Valencia, ndani ya mto.

Nasema ndani ya mto kwa maana yake halisi. Oktoba 14, 1957 mto Turia ulifurika ukaua watu mjini, na baada ya hapo serikali ikaamua kuuhamisha: ukachimbiwa njia mpya kusini mwa jiji, na mkondo wa zamani ukabaki mkavu. Walitaka kuweka barabara kuu humo. Wakazi wakakataa, na leo ni bustani ya karibu kilomita tisa, yenye miti, viwanja vya mpira na njia za baiskeli. Jumamosi baada ya Jumamosi nilianguka chini ya madaraja ya mawe yenye umri wa karne kadhaa, madaraja yanayovuka nyasi.

Nadhani wazo la safari lilianzia hapo. Ukizoea daraja lisilo na maji, siku moja utajiuliza maji yenyewe yanatoka wapi.

Yanatoka Teruel. Huko juu mto huu hauitwi Turia, unaitwa Guadalaviar, Kiarabu kilichobaki kwenye ndimi za Wakristo: wadi al-abyad, mto mweupe. Unabadili jina mjini Teruel, unapokutana na mto Alfambra. Nikapanga hivi: treni hadi Teruel, niufuate mto hadi chanzo chake, nizunguke milimani, kisha nishuke hadi baharini kwa njia ya zamani ya reli ya madini. Oktoba 9 ni sikukuu ya Valencia na 12 ni ya Hispania nzima, kwa hiyo niliomba siku chache za likizo kuzunguka hizo mbili. Siku sita, zaidi kidogo ya kilomita 300, karibu zote za vumbi na kokoto.

Baiskeli yangu ni ya aina wanayoiita ya changarawe. Usukani wake umepinda kama wa mashindano, ila tairi ni nene, hazina tyubu, na ndani mna maji mazito meupe yanayoziba tundu lenyewe kabla hujajua umetoboka. Mkulima wa Shinyanga angeitazama akauliza keria iko wapi. Haina. Mzigo unafungwa chini ya siti, kwenye usukani na katikati ya fremu, na ukikosea kuufunga utausikia kila shimo kwa siku sita.

## Unaenda kwa nani

Usiku wa kuamkia safari nilimpigia mama.

"Na hiyo baiskeli unaenda wapi?"

"Milimani, mama."

"Huko kuna nani?"

"Hakuna mtu. Naenda kutembea tu."

Kimya. Nikasikia jogoo, au labda redio.

"Sasa unaenda kwa nani?"

Nilicheka. Nikamwambia Wazungu wanafanya hivyo, wanasafiri bila kwenda kwa mtu, na mimi nimekaa nao sana. Akasema haya, nisisahau sweta.

## Taifa

Siku ya kwanza ilikuwa ya raha, na raha haina mengi ya kusimulia. Treni ya dizeli ilipanda polepole kutoka pwani hadi Teruel, mji ulio zaidi ya mita 900 juu ya bahari, wenye minara ya matofali iliyojengwa na mafundi Waislamu waliobaki chini ya wafalme Wakristo. Kutoka hapo nikafuata bonde la mto kuelekea magharibi. Karibu na Gea kuna mfereji wa Warumi uliochongwa ndani ya mwamba katika karne ya kwanza, kilomita 25 kutoka Albarracín hadi Cella. Nikasukuma baiskeli pembeni nikaingiza kichwa kwenye tundu lake. Baridi na giza. Maji ya hapa, nikawaza, yana historia ndefu ya kupelekwa kwingine.

Albarracín wenyewe ni mji wa rangi ya waridi ulioning'inia juu ya mto, kuta za ngome zikipanda kilima nyuma yake, wakazi kama elfu moja. Kwenye kibao cha maelezo nikasoma maneno yaliyonifanya nicheke peke yangu barabarani: Taifa de Albarracín.

Taifa!

Wahispania wanalitumia neno lile lile, kutoka Kiarabu kile kile, kwa falme ndogondogo zilizozaliwa ukhalifa wa Córdoba ulipovunjika katika karne ya 11. Hapa walitawala ukoo wa Waberiberi, Banu Razin, hadi mwaka 1104, na jina la mji ni jina lao. Sisi neno hilo tunaliimba kwenye gwaride na kuliandika kwenye kodi, wao wameliacha kwenye vibao vya watalii. Nililitazama kama mtu aliyemkuta ndugu yake ugenini amevaa nguo za kigeni. Nilitaka kumwonyesha mtu. Hapakuwa na mtu ambaye lingemchekesha.

## Iliyokombwa

Baada ya Albarracín ndipo utupu unapoanza.

Mkoa wa Teruel una karibu kilomita za mraba 15,000 na watu laki moja na thelathini na kitu, wastani wa watu tisa kwa kilomita moja ya mraba, na ukiondoa miji michache hata hao tisa hawaonekani. Zamani watu waliiita Hispania hii ya bara vacía, tupu. Siku hizi wenyeji wanasema vaciada. Machi 31, 2019 makumi ya maelfu waliandamana Madrid kwa jina hilo. Tofauti ni ya kiambishi kimoja tu, ila mtu aliyepika ataielewa: kuna sufuria tupu na kuna sufuria iliyokombwa. Ya pili ina aliyekomba.

Kilichokomba ni viwanda. Kuanzia miaka ya 1950 vijana wa milima hii walishuka Valencia, Zaragoza, Barcelona, Madrid, wengine wakavuka hadi Ufaransa na Ujerumani. Sitaeleza zaidi, msomaji wangu anajua inavyokwenda. Anatangulia mmoja, anaandika barua, wanafuata watatu.

Ukiwa kwenye gari utaupita utupu huo kwa dakika kumi. Kwenye baiskeli unakaa ndani yake. Unasikia mnyororo wako. Unasikia kokoto zikiruka kutoka kwenye tairi na kugonga fremu. Tumbusi wanazunguka juu bila kupiga bawa, na baada ya saa mbili unaanza kuona kama wanakukagua. Kisha kijiji: kanisa kubwa kupita kiasi, nyumba za mawe zenye makufuli, paka, bomba la maji. Saa tano gari la mkate linaingia likipiga honi, milango mitatu inafunguka, wanatoka bibi watatu na mifuko ya kitambaa, wananunua, wanafunga. Dakika sita. Muuza mkate akaniuzia na mimi, akaniambia nikifika kijiji kinachofuata nisitafute duka, duka ni yeye.

Vijiji kadhaa vya namna hii vimewahi kutoa matangazo: njooni familia yenye watoto, tutawatafutia nyumba, tutawatafutia kazi, tusije tukafunga shule. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa majembe yapo, yametundikwa, yamepakwa na mafuta yasishike kutu. Aliyekosekana ni mgeni wa siku ya tatu.

Jambo moja sikuhitaji kuelezwa. Muuza mkate alisema nije Agosti, Agosti utaona watu! Wanarudi wote kutoka mijini, wanafungua makufuli, kuna muziki, watoto wamejaa barabarani hadi usiku wa manane, na Septemba mosi ni kufunga tena. Nikamwambia kwetu ni Desemba.

Hakunielewa, ila wewe Mchaga unayesoma umenielewa. Mageti yale makubwa. Nyumba za ghorofa katikati ya migomba, vioo vyeusi, mlinzi mmoja na mbwa mmoja miezi kumi na moja. Tarehe 20 magari yanapandishana, mbuzi wanalia, kila bomba linafunguliwa. Tarehe 3 Januari barabara ya kushuka imejaa, na wanaobaki wanahesabu chupa.

## Niliyojibizana naye

Sasa nirudi kwa mzee, kwa sababu ilikuwa siku hiyo, siku ya pili, mchana.

Nilipotoka kijijini kwake nilikuwa sijaudhika. Hasira ilinikuta kwenye mlima, kama kilomita mbili mbele, nilipoelewa. La chica! Msichana wa kazi. Katika vijiji hivi wazee wanatunzwa na wanawake wanaotoka nje, wengi wao Amerika ya Kusini na ya Kati, na kila mmoja wao anaitwa hivyo hivyo, la chica, awe na miaka ishirini au hamsini. Mzee ameona mwanamke mweusi mlangoni pake. Angekuwa nani mwingine?

Nikaanza kumjibu kwa kila mzunguko wa pedeli. Kwamba mimi, señor, nafanya kazi ofisi ya mizigo bandarini Valencia. Kwamba meza yangu ina skrini mbili. Kwamba helmeti hii peke yake, señor, ni hela nyingi, na je, umewahi kumwona binti wa kazi anakuja na helmeti? Kwa Kihispania fasaha kuliko nilichowahi kusema mbele ya mtu. Nilifika juu bila kubadili giya. Hasira ni mafuta mazuri, tatizo ni mabaki yake.

Alasiri nilikuwa kwenye chanzo cha Tajo, mto mrefu kuliko yote ya rasi hii, kilomita 1,007 hadi Lisbon. Unaanzia kwenye uwanda wa nyasi na sanamu kubwa za ukumbusho, kwa kijito ambacho mtoto angekiruka. Nilitaka picha. Nikaegemeza simu kwenye jiwe, nikaweka sekunde kumi, nikakimbia. Ikaanguka. Mara tatu. Picha niliyonayo ni ya mbingu na nusu ya sikio langu.

Nililala kijiji kingine, chumba juu ya baa. Baa hiyo pia ni duka la kijiji na nyumba ya wageni, mali ya halmashauri, kwa sababu hakuna mtu binafsi ambaye ingemlipa. Aliyeiendesha alikuwa mwanamke kutoka Nicaragua, wa umri wangu. Akaniletea supu ya kitunguu saumu yenye yai ndani, na kwa kuwa mteja mwingine hakuwepo akakaa. Nikamsimulia kisa cha mzee. Nilikisimulia vizuri, na sauti yake niliiga.

Hakucheka.

"La chica ni mimi," akasema. Asubuhi anawaogesha wazee watatu, mchana anafungua baa. Amekuwa hapo miaka minne. Kisha akasema kijijini hapa wanauliza hivyo kila mwanamke asiyejulikana, na mwaka jana walimwuliza hata daktari mpya, naye ni wa Zaragoza, mweupe kama maziwa.

"Kwa hiyo hakunidharau?"

"Hilo sijui. Sikuwepo." Akaokota makombo mezani kwa kidole. "Lakini wewe umekasirika kwa sababu alidhani wewe ni mimi."

Sikuwa na jibu. Nikasema supu ni tamu. Akasema ndiyo, ni tamu.

Tangu hapo nimelipima jambo hili huku na huku. Inawezekana mzee alinihukumu kwa rangi. Inawezekana alikuwa tu na binti anayemsubiri, na mimi nikatokea. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na hakuna hata moja linalofuta lile alilosema yule mwanamke.

Usiku huo sikulala sana. Ilikuwa mwisho wa msimu wa ayala kutafuta majike, na madume walinguruma msituni mpaka alfajiri. Ayala! Yule tuliyemwimba kwaya miaka yote bila kujua sura yake, mpole, ana kiu, anatafuta mito. Hakuna aliyetuambia anatoa sauti kama lori linalojaribu kuwaka.

## Tope

Siku ya tatu ilinyesha.

Wapanda baiskeli wa changarawe wanaandika sana kuhusu mandhari na kidogo sana kuhusu udongo. Udongo wa Teruel ukikauka ni barabara ya saruji. Ukilowa ni gundi. Unashika tairi, tairi inashika fremu, na ndani ya mita hamsini magurudumu hayazunguki tena. Huwezi kuendesha. Huwezi hata kusukuma, kwa kuwa gurudumu limegoma. Unabeba. Baiskeli yenye mizigo, nusu ikiwa udongo, begani, kwenye mvua, na viatu vyenye visigino vya tope vinavyokuongezea kimo.

Nilikwenda kilomita nne kwa saa mbili na nusu. Nilikuwa na kijiti cha kukwangulia. Kilipovunjika nikatafuta kingine, na kilipovunjika hicho nikakaa chini ya msonobari nikala nyama ya mguu wa nguruwe na mkate uliolowa.

Asubuhi ile nilikuwa nimepita kwenye jumba la makumbusho la wachungaji, katika kijiji chenye jina la mto, Guadalaviar. Wachungaji wa hapa, kila Novemba, wanaondoka na kondoo kwenda Andalusia kufuata majani, kwa miguu, wiki kadhaa, na wanarudi kiangazi kinapokaribia. Njia zao zinalindwa na sheria, na zile kuu upana wake ni mita 75. Wachache wanakwenda hadi leo. Kwa hiyo kuondoka si jambo geni katika milima hii. Wameondoka karne nyingi. Nilikaa chini ya ule mti nikifikiria nyumba zilizozoea kubaki na wazee na watoto majira yote ya baridi, zikijua mwezi wa kurudi.

Chanzo cha mto wangu nacho kiko maeneo hayo. Nilikifikia mvua ikikatika. Maji yalikuwa membamba kama mkono, safi, yakitoka chini ya mawe bila kelele. Nilikuwa nimejiandaa kuhisi kitu kikubwa. Nikaosha mnyororo.

## Chuma

Kurudi sitakaa nako. Siku moja ya kushuka kupitia Cella hadi Teruel, na mbili za njia ya Ojos Negros.

Hiyo ilikuwa reli ya kampuni ya madini, kilomita 204, iliyofunguliwa 1907 ili kupeleka chuma kutoka migodi ya Ojos Negros hadi bahari ya Sagunto. Treni ziliacha kupita 1972. Vyuma vimeng'olewa, limebaki tuta, mahandaki na madaraja, na mteremko laini kiasi kwamba baiskeli inashuka karibu peke yake. Unatoka kwenye mireteni na mawe, unaingia kwenye lozi, kisha zeituni, kisha ghafla hewa ina chumvi na unazungukwa na michungwa. Wengi wa Teruel walifuata chuma chao kwa njia hiyo hiyo, wakaenda kukiyeyusha Sagunto, mpaka tanuri nazo zikazimwa 1984.

Mimi kazini naangalia makontena kwenye skrini. Yanaingia, yanatoka. Nilishuka njia nzima ya mzigo, kilomita baada ya kilomita, na niliipenda sana, na nilitaka isiishe.

## Picha

Novemba simu yangu ikajaa. Nikakaa kwenye kochi nikaanza kufuta, kutoka mpya kwenda za zamani. Sikio langu na mbingu, futa. Tope, tope, tope, bakiza moja. Tumbusi asiyeonekana, futa.

Chini zaidi, Septemba, picha kutoka kundi la familia.

Kitanda chenye shuka la maua. Kiti cha plastiki cheupe. Juu ya kiti taulo lililokunjwa mara nne, juu ya taulo sabuni mpya kwenye karatasi yake.

Aliituma mama. Binti wa mwanzo, wa kutoka Singida, aliondoka Agosti kwa basi la alfajiri bila kuaga, na kaka akapata mwingine wa kuja badala yake. Nyonga ya mama haimruhusu tena kushuka hadi bombani wala kusimama jikoni kwa muda mrefu. Sisi watoto wanne tumetawanyika, Dar, Dar, Mwanza, Valencia, tunachanga kila mwezi na tunaandikiana "tunatafuta binti" kama watu wanaotafuta fundi wa paa. Mama alitandika chumba akatuma picha, na chini yake akaandika: Yuko njiani?

Niliiona siku ile ile. Niliweka kidole gumba. Picha inaonyesha kidole gumba changu na cha kaka.

Binti hakuja. Alipata kazi Arusha, nadhani, au alibadili mawazo. Yule aliyeondoka Agosti alikaa kwetu miezi kumi na minne, na nilipokaa pale kwenye kochi nilijaribu kukumbuka jina lake. Ilinichukua hadi usiku. Kwenye kundi tulimwandika "binti", na mimi nikipiga simu niliuliza, "Binti yupo? Amekula?"

Aliitwa Neema. Nililipata nikiwa napiga mswaki.

## Simu

Jumapili iliyopita nilimpigia mama nikamsimulia, kwa mara ya kwanza, habari ya mzee na mlango wa kijani. Nilimweleza na taulo. Nilimweleza alichoniuliza na nilivyojibu. Sikumweleza kuhusu picha, na yeye hakuitaja.

Alisikiliza mpaka mwisho, ambayo si kawaida yake.

"Na huyo binti wake," akasema, "alifika?"

"Sijui, mama."

"Hukuuliza?"

"Nilikuwa napita tu."

Nikasikia akisogeza kitu, kiti labda. Ilikuwa saa ya kupika kule, na mwenyeji wa jiko ni yeye mwenyewe tena.

"Desemba unakuja?"

"Nakuja. Nimepata siku kumi."

"Siku kumi." Akazihesabu kimoyomoyo, nilimsikia anazihesabu. "Haya. Nitakuwekea taulo."

Kisha akasema ndizi zinaungua, na simu ikakatika.